Ushauri wenu: Baraza linajadili mradi wa nyumba shehiani kwetu, niende nikasimame au nisiende?

Jirani wa Bonde (mleta uzi)
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nipo Unguja, nje kidogo ya mji, shehia siitaji. Kuna kampuni inataka kujenga nyumba za kisasa, vila na maghorofa, kwenye bonde letu la mpunga pamoja na kipande cha juu chenye minazi. Ombi limeshafika Baraza, madiwani wanalijadili wiki ijayo. Mie ni mjumbe wa sheha, tena ndiye niliyekuwa katibu wa mkutano wa wananchi. Sasa nimeambiwa nikasimame niseme wananchi wameridhia.

Mtaani kuna maneno. Wengine wanataka mradi kwa ajili ya ajira na barabara, wengine wanasema bonde ndiko maji ya masika yanakotua, likijazwa kifusi tutaogelea majumbani. Mie sina upande. Swali langu dogo tu: mjumbe akiitwa Barazani ni lazima aende? Maana nimeshakata tiketi ya boti, siku ile nipo Pemba kwenye arusi.

Fundi Chokaa
Bonde si mahali pa kujenga, nakwambia mie niliyeshika mwiko tangu kijana. Tulimjengea mtu nyumba Fuoni, kiangazi, pakavu mpaka udongo umepasuka nyufa za kuingia kidole. Tukachimba karo, tukalijengea vizuri, tukalifunika. Ilipokuja masika karo likajaa maji kutoka chini, na mwenye nyumba hajahamia bado! Hapana hata mtu mmoja aliyekwenda choo. Jirani yake ana kisima, wakaanza kulalamika maji yananuka. Mwenye nyumba akanirudia mie, eti fundi kaharibu. Mpaka leo tukikutana msikitini salamu yake ya nusu mdomo. Na hiyo nyumba moja tu. Huko kwenu watachimba makaro mangapi?

Binti Michenzani
Kila kikijengwa kitu watu maji, watu bonde. Mzee Karume angewasikiliza wenye maneno, majumba ya Michenzani yangekuwepo? Walikuja wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, vibanda vikavunjwa, yakapanda majumba marefu kama treni. Mie nimezaliwa humo. Sikatai, maji yalikuwa hayapandi juu, tukibeba ndoo kwa ngazi mpaka mabega yanakufa ganzi, na bibi yangu akishapanda juu hateremki mpaka kuwe na maiti au arusi. Lakini tulikuwa na nyumba, na jirani ukimgongea ukuta anakuitika.

Mpemba Asiyeapa
Siku hizi Pemba ndiyo maficho ya makatibu? Njoo baba, karafuu zipo, utatusaidia kuanika.

Abuu Swafiyya
Ndugu yangu, ujumbe ni amana. Umeulizwa jambo unalolijua, unakwenda arusini kula biriani. Siku ya Kiyama hutaulizwa biriani lilikuwaje. Kama wananchi wameridhia, nenda useme wameridhia. Kama hawakuridhia, nenda useme. Mbona rahisi?

Kijana wa Darajani
Sheikh, kwake si rahisi, ndiyo maana kaanzisha uzi. Mleta uzi, nakuuliza moja tu: wewe unapata nini?

Jirani wa Bonde
Tiketi nimelipa kwa pesa yangu, na arusi ya kweli, ya binti wa ami yangu. Ushahidi upo.

Kijana wa Darajani
Sikuuliza tiketi.

Jirani wa Bonde
Haya. Wajumbe tumeahidiwa viwanja, kila mmoja chake, upande wa juu kwenye minazi. Si rushwa. Walisema ni kwa sababu sisi ni wenyeji na tutasaidia ulinzi wa eneo wakati wa ujenzi. Mie nina watoto, nakaa nyumba ya urithi, tumebanana ndugu na wake zetu, asubuhi foleni ya choo. Nikipewa kiwanja nikatae? Nani kati yenu angekataa? Nimeshaagiza na tofali kidogo.

Abuu Swafiyya
Mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Sina la kuongeza.

Binti Michenzani
Sheikh, ulisema huna la kuongeza kwenye uzi wa mahari pia, ukaongeza mara tatu.

Karani Mstaafu
Nilikaa kwenye ofisi za serikali za mitaa muda mrefu, niruhusuni.

Kwanza, hicho kiwanja umeahidiwa na nani? Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na imekabidhiwa Rais. Mimi na wewe tuna haki ya kuitumia tu, na haki hiyo ina karatasi zake na njia zake Kamisheni ya Ardhi. Kampuni ambayo yenyewe bado inaomba haiwezi kukugawia wewe. Je, una karatasi?

Pili, neno la madiwani si la mwisho. Mradi mkubwa wa namna hiyo unafanyiwa tathmini ya athari za mazingira, na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndio wanaotoa cheti. Lakini muhtasari wa wananchi huanzia chini na kupanda na faili. Kikiandikwa "wananchi wameridhia" huku chini, huko juu kila mezani kitasomwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Baraza wasikusumbue sana. Kinachonisumbua mie ni huo muhtasari.

Na sheha hachaguliwi na wananchi, anateuliwa. Diwani ndiye anayepigiwa kura. Mwende kwa diwani wenu, ndiye mwenye cha kupoteza.

Jirani wa Bonde
Karatasi sina, ila nimeonyeshwa kigingi. Kimepakwa rangi nyekundu.

Mpemba Asiyeapa
Mwenzenu ana hati ya kigingi 😂

Kijana wa Darajani
Mie sasa nasema hadithi hii imetungwa. Nimepekua maandishi ya huyu bwana, mwezi uliopita kwenye uzi wa mabomba kaandika wana mkutano wa mradi "Ijumaa saa saba mchana". Unguja hii! Ijumaa saa saba! Nani anaitisha mkutano wa wananchi wakati watu wamo kwenye hotuba? Ama huyu si wa hapa, ama ni dalali wa kampuni anapima upepo. Admin fungeni uzi.

Fundi Chokaa
Kumbe! Na mie nimeshatoa siri ya karo la watu.

Jirani wa Bonde
Mie si dalali. Mkutano ulikuwa Ijumaa saa saba kweli. Wakati ule waliupanga wao, wakasema mpimaji wao ana nafasi siku ile tu. Ndiyo maana hawakuja watu. Walikuja kina mama wachache, na wanaume wawili waliochelewa msikiti.

Karani Mstaafu
Na muhtasari una saini ngapi?

Jirani wa Bonde
Karatasi mbili. Ya kwanza ni mahudhurio ya siku ile.

Karani Mstaafu
Na ya pili?

Jirani wa Bonde
Ya pili ni ya watu walioomba kuunganishiwa maji. Ilikuwa kwenye faili langu, haina kichwa juu, majina na saini tu. Sheha aliomba faili nikampa faili. Nani kazibana pamoja sijui. Na kwani watu wa maji si ndio wananchi haohao? Mradi ukija si maji yatakuja? Hata mkiwauliza leo nusu watakubali.

Binti Michenzani
Mie nilikuwa upande wako mpaka hapa.

Karani Mstaafu
Sikiliza kijana. Usiende arusini. Andika barua leo kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani, kama katibu wa mkutano: waliohudhuria ni hawa wa karatasi ya kwanza, karatasi ya pili si ya mkutano huu. Mistari mitatu inatosha. Peleka kwa mkono, wagonge muhuri wa kupokea, ubaki na nakala.

Jirani wa Bonde
Na kiwanja?

Mtoto wa Mzee Haji
Nasoma uzi huu tangu asubuhi kimya. Skuli ya mkutano ina mwembe uliokatwa nusu? Bonde lina daraja la magogo?

Jirani wa Bonde
Kwa nini unauliza?

Mtoto wa Mzee Haji
Kwa sababu baba yangu alitia saini karatasi ya maji, na analima mpunga bonde hilo hilo. Nimemsomea uzi wote.

Jirani wa Bonde
Ndugu yangu, tuzungumze pembeni. Mwambie mzee asiende kwa sheha kwanza, naandika hiyo barua.

Mtoto wa Mzee Haji
Kwa sheha haendi. Keshavaa kofia, anatafuta makubadhi, anauliza nyumba yako ni ya kabla ya duka au baada ya duka.