Nimekamata meli ya Antaran kwenye Master of Orion II, niichinje au niipeleke vitani?

kobe_wa_angani

Habari za jioni wakuu. Nina wiki ya tatu sasa na Master of Orion II, ile gemu ya 1996 ya kujenga himaya angani, naichezea kwenye leptopu ya zamani kwa DOSBox, programu ya kuendeshea gemu za zamani, maana gemu za sasa hivi mashine yangu haizibebi, na kiukweli imenishika, nalala saa nane kila siku. Nacheza na Bulrathi, wale dubu, galaksi ya saizi ya kati, wapinzani wanne.

Sasa jana usiku Antaran, wale wavamizi wenye meli kali kuliko wote, wakashuka kwenye koloni langu la pembeni na meli mbili. Moja niliipiga mpaka ikalipuka, ya pili nikaishika kwa Tractor Beam isisogee, nikaisogelea, nikabonyeza Board nikaingiza askari, na wakaichukua! Huwa zinajilipua mkononi, hii haikulipuka. Nimekaa naiangalia kwenye orodha ya meli zangu kama mtu aliyeokota dhahabu asiyejua auze wapi.

Shida yangu ni hii. Jirani yangu ni Psilon, ile jamii ya wanasayansi, ameniacha mbali kiteknolojia, na najua kikosi chake kinakuja. Hii meli moja ina nguvu kuliko meli zangu tatu kubwa ukizijumlisha. Niipeleke mbele ikapigane, au niivunje, yaani niichinje kama watu wanavyosema, ili nipate utaalamu wake? Nimesevu hapo hapo, sijabonyeza zamu nyingine, nawasubiri.

fundi_wa_orion

Ichinje mkuu. Leo hii, kabla hujabonyeza Turn.

Nakuambia kwa uchungu maana mimi miaka ile niliipata ya kwanza nikaipeleka vitani kwa sifa, ikapiga mapigano mawili vizuri, la tatu ikazingirwa na makombora ikaisha, nikabaki sina meli sina utaalamu. Angalia hesabu yenyewe: meli ni moja, ikifa imekufa. Lakini ukiivunja ukabahatika kupata deraya yao ya Xentronium, hiyo deraya unaivalisha kila meli unayojenga kuanzia hapo, na zile za zamani unazirudisha kiwandani kwa Refit nazo zinavaa. Halafu kwenye hii gemu deraya haili nafasi ndani ya meli, inakula gharama tu, kwa hiyo hupunguzi hata mzinga mmoja.

Na kitu kingine ambacho wageni wengi hawakijui, vitu vya Antaran havipo kwenye utafiti wa kawaida. Silaha yao ya Death Ray, Xentronium, kinga yao ya Damper Field, hata uwe na wanasayansi galaksi nzima hutavikuta kwenye orodha ya kutafiti. Vinapatikana kwa kukamata au kwa kumshinda yule Guardian, meli inayolinda sayari ya Orion. Basi. Kwa hiyo hapo ulipo umeshikilia mlango ambao Psilon mwenyewe na akili zake zote hana ufunguo wake.

Nenda kwenye skrini ya Fleets, ichague, bonyeza Scrap. Ila usitegemee upate kila kitu kilichomo kwa mara moja, mimi huwa napata kimoja kimoja.

nyota_ya_pwani

Naomba nitofautiane na fundi hapo juu, kwa heshima. Ushauri wake ni sahihi kama una muda. Huyu kaka kasema kikosi cha Psilon kinakuja, sasa ukishaipata hiyo Xentronium utaijenga lini? Deraya ile ni ghali, koloni la pembeni linaweza kukaa zamu nyingi linajenga meli moja tu, na adui hasubiri mafundi wamalize.

Mimi yalinikuta hayo hayo nikicheza na jamii ya Human. Niliiacha meli pale pale kwenye koloni, sikuipeleka kushambulia, nikaiweka ilinde pamoja na kituo cha nyota na makombora ya ardhini. Psilon akaja akakuta ukuta. Akashindwa, akarudi. Ndiyo nikaichinja, kwa raha zangu, nikapata Damper Field. Skrepa haiozi. Kinachoua ni kule kuipeleka mbali na nyumbani, hapo nakubaliana na fundi kabisa.

Ila angalia command points zako, zile pointi za kuhudumia meli. Hiyo meli inahesabiwa kama nyingine, ukizidisha unalipa BC 10 (pesa za gemu) kwa kila pointi kila zamu, na hazina ya mtu anayeanza inakauka haraka sana.

kobe_wa_angani

Asanteni sana wote. Dada nyota, kikosi chake kipo mbali zamu nne hivi kwa makadirio ya ramani. Pointi zangu ziko sifuri, yaani nimefika ukingoni. Na makombora ya ardhini sina, nilipofika kwenye utafiti ule nilichagua viwanda vya otomatiki.

nyota_ya_pwani

Zamu nne na huna makombora? Basi iache ilinde, kaka. Uza jengo, fanya lolote, ila isivunjwe kabla ya hilo pigano.

fundi_wa_orion

Nakubali. Zamu nne ni karibu mno, nyota yuko sahihi kwa hali hiyo. Ila ikipona tu, ichinje, usianze kuipenda.

Na hapo kwenye viwanda vya otomatiki umegusa jambo lenyewe hasa ambalo nataka wadau waelewe, maana watu wanadhani kuchinja meli ni kwa Antaran tu. Mtu wa kawaida kwenye hii gemu kila hatua ya utafiti anachagua kimoja, vingine anaviaga. Umechukua viwanda, umeaga Heavy Armor, ile deraya nzito. Ukifika hatua ya Optronics utachukua maabara ya utafiti kama kila mtu, umeaga kompyuta ya kulengea. Psilon ana sifa ya Creative, yeye anachukua vyote. Maana yake kila meli ya Psilon ni ghala la vitu ulivyoviacha njiani! Kwa hiyo akija usizilipue zote. Moja kati ya hizo ishike, ikamate, ichinje, uchukue ulichoaga. Wewe una Bulrathi, askari wako wanapigana ana kwa ana vizuri kuliko wengi, hiyo ndiyo faida yako na huitumii.

samaki_trilarian

Nyongeza kidogo kwa wanaokamata. Meli kubwa haishikwi na Tractor Beam moja, weka kadhaa. Troop Pods zinaongeza askari wa melini mara mbili, weka kwenye meli moja au mbili maalumu za kukamatia, siyo zote. Na kama una Neutron Blaster itumie kwanza, ile inaua askari waliomo ndani ya meli ya adui, ukija kuingia unakuta wachache. Mimi sikamati bila hiyo. Mizinga ya kawaida unapiga kwa hofu, kidogo tu ikizidi meli inapasuka na kila kitu kinapotea.

Assault Shuttles, vile vyombo vidogo vya kubebea askari, nazo zinafaa kwa meli inayokimbia, ila nyingi zinadunguliwa kabla hazijafika.

kobe_wa_angani

Wakuu nimerudi. Psilon alikuja na meli tano, siyo kikosi kizima nilichokiogopa. Meli ya Antaran ilisimama mbele, zangu nyuma yake, wakawa wanaipiga hiyo tu wala haishtuki. Niliwalipua watatu, mmoja akakimbia, na wa tano nilimshika kama alivyosema samaki, sikuwa na Neutron Blaster lakini dubu walipoingia haikuchukua hata raundi mbili.

Nimezichinja zote mbili baada ya pigano. Ya Psilon imenipa Heavy Armor, ile ile niliyoiaga. Ya Antaran imenipa Xentronium. Nimeipiga skrini picha.

Sasa swali la mwisho, Refit nianze na meli zipi, zile tatu kubwa au hii moja ya kukamatia?

fundi_wa_orion

Ya kukamatia. Hiyo ndiyo inayosogea karibu na adui kuliko zote.