DVD ya Debian: nitaingizaje masasisho bila kupakua faili zima upya?

fundi_maabara:
Wakuu, nina ISO (faili moja lenye DVD nzima) ya mfumo wa uendeshaji wa Debian 13.0 (DVD-1, amd64) ya kusakinisha kompyuta 20 za maabara ya shule. Kila mashine ikimaliza, apt (programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi) inavuta masasisho yaleyale na bando linateketea. Je, masasisho yanaweza kuingizwa kwenye ISO yenyewe? Kupakua karibu GB 4 kila toleo dogo linapotoka siwezi.

kifurushi_deb:
Usichomeke .deb (faili za vifurushi vya programu) kwa mkono ndani ya ISO. Utalazimika kutengeneza upya faili za Packages na Release (orodha za vifurushi), na hapo ISO haitalingana tena na ile iliyosainiwa na Debian.

Tumia jigdo, programu ya kuunda ISO mpya. Inachukua vifurushi ambavyo havijabadilika kutoka ISO uliyonayo, kisha inapakua vilivyopungua tu:

sudo apt install jigdo-file
sudo mount -o loop debian-13.0.0-amd64-DVD-1.iso /mnt
jigdo-lite [anwani ya faili la .jigdo]

Faili hilo liko cdimage.debian.org, saraka ya debian-cd/current/amd64/jigdo-dvd. Ikiuliza "Files to scan", andika /mnt. Ikirudia swali, bonyeza Enter. Ikitaka seva ya Debian, mpe http://deb.debian.org/debian/.

Lenga toleo dogo la karibuni kabisa. Ukitaka la katikati, vifurushi vyake vingi vimeshaondolewa kwenye seva na kazi itakwama njiani. Na usitegemee kuokoa chochote ukitoka 12 kwenda 13, kwa sababu karibu kila kifurushi ni kipya.

seva_ya_ndani:
Jigdo ni nzuri, ila kwa mashine 20 zilizo chumba kimoja inatibu nusu ya tatizo. Matoleo madogo hutoka takriban kila miezi miwili, na marekebisho ya usalama ya katikati hayamo kwenye DVD. Weka apt-cacher-ng, programu ya kache (inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa), kwenye kompyuta moja. Kisakinishi kikiuliza proksi ya HTTP (kompyuta ya kupitishia maombi ya mtandao), andika anwani yake na mlango 3142, mfano http://192.168.1.10:3142. Kifurushi kinapakuliwa mara moja, mashine 19 zinazobaki zinakipata humo ndani.

Angalia haya:
– Kwenye sources.list (orodha ya seva ambazo apt inavuta vifurushi) tumia http. Ukiweka https, kache haiwezi kuona ndani wala kuhifadhi. Usihofu, apt inahakiki vifurushi kwa saini.
– Kisakinishi huiandika proksi hiyo ndani ya /etc/apt/apt.conf. Kompyuta ikihamishwa nje ya maabara, apt itagoma mpaka uufute mstari huo.
– Weka # mbele ya mstari wa "deb cdrom:", la sivyo apt update italalamika flashi ya kusakinishia ikishatolewa.

fundi_maabara:
Nashukuru sana. Nitaanza na kache. Kuna mashine moja yenye Windows pia, flashi ya zamani ya Debian 12 haiwaki kabisa: "Verifying shim SBAT data failed".

kifurushi_deb:
Sasisho la Windows la Agosti 2024 lilipiga marufuku shim (programu ndogo inayoanza kuwasha mfumo) za zamani zenye mianya ya usalama, na flashi yako inayo mojawapo. Usiizime Secure Boot (kinga inayozuia kuwasha programu zisizoaminika) kwa ajili ya hilo. Andika ISO mpya kwenye flashi, shim yake inakubalika. Kabla ya kuandika, hakiki kwamba ISO haijaharibika:

sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing