Uzi wa mashabiki wa timu za madaraja ya chini: timu ya mji wenu ni ya nani hasa? Tupeane uzoefu

Jukwaa la Jua
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi ambao timu zetu hazimo kwenye ratiba ya televisheni kila wiki. Watu wa Simba na Yanga wana nyuzi za kutosha, humu watupishe kidogo. (Najua wengi wetu tuna moja ya hizo mbili pembeni. Tutafika huko.)

Kilichonisukuma ni Ihefu. Timu ile ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020 kwa kuitoa Mbao ya Mwanza kwenye mchujo, ikitokea Ubaruku, Mbarali, kwa wakulima wa mpunga. Ikashuka, ikapanda tena. Novemba 2022, pale Highland Estate, ikaifunga Yanga 2-1 na kukata ule mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 timu hiyohiyo ikawa Singida, na jina jipya: Singida Black Stars. Wakati huohuo ile iliyokuwa Singida, Fountain Gate, nayo ikahama, sasa nyumbani kwake ni Babati. Na kabla ya kuitwa Fountain Gate ilikuwa Singida Big Stars, na kabla ya hapo DTB ya Dar. Sasa niambieni, yule mzee wa Ubaruku aliyepanda juu ya mti kuangalia mechi ya Yanga, leo anashangilia nani?

Masharti ni mawili. Yaliyo wazi kwa kila mtu, taja timu. Yale uliyoyaona mwenyewe ya posho kuliwa na vifaa kupotea, usitaje timu wala kiongozi, tusije tukaitana kituoni.

Naanza mimi. Timu ya kwetu ilianzishwa na watu wa sokoni. Tulikuwa tunachangishana kwenye meza za nyanya, jezi zilikuwa za kuazima. Tulipopanda Daraja la Kwanza, lile la chini ya Ligi Kuu, siku hizo bado halijaitwa Championship, akaja mfadhili. Sitamsema vibaya kwa kila kitu: mishahara ilitoka kwa wakati, basi likapatikana, kambi ikawa na feni. Akabadilisha rangi za jezi, tukanyamaza. Akaweka watu wake kwenye kamati, tukanyamaza. Mambo yake ya siasa yalipokwenda kombo akaondoka, na basi likaondoka. Hilo la basi tulilitegemea. Tusilolijua ni kwamba mikataba ya wachezaji ilisainiwa na kampuni yake, klabu haimo hata kwa jina. Tulikuwa na winga mmoja aliyekuwa anatakiwa na timu tatu za Ligi Kuu, akaenda, na sisi hatukupata hata mpira mmoja wa mazoezi. Msimu uliofuata tulishuka tukiwa na vijana wa sekondari.

Karibuni.

Mgosi wa Barabara ya 11
Mkuu, sisi Tanga tuna la kusema kuliko wote. Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Nafasi za kushuka zilikuwa tatu. Tukazijaza zote sisi. Ukienda Mwanza au Mbeya ukisema umetoka Tanga watu wanakupa pole kama umefiwa.

Mama yangu alifurahi, alisema sasa nauli za kumfuata Coastal ugenini zitabaki nyumbani. Kumbe huko chini ndiko nauli zinakoishia! Ligi Kuu ukikosa nauli unaangalia Azam TV kwenye kibanda. Daraja la Kwanza usipokwenda mwenyewe unasubiri mtu apige simu kutoka uwanjani, naye salio limekata dakika ya 70.

Ila nikwambie kwa nini tulirudi 2018, na 2024 tukamaliza wa nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Wafadhili wamekuja na kwenda, wengine wamenuna, lakini klabu ina kadi za wanachama, ina nyumba yake Barabara ya 11, ina ubingwa wa 1988 ambao kila mtoto anausikia kabla hajajua kusoma. Mtu akitaka kuipeleka Singida ataanzia wapi? Nyumba ataibeba?

Kimanumanu Damu
Mgosi usijitape. Sisi African Sports nyumba tunayo Barabara ya 12, mtaa unaofuata, kadi tunazo, na historia tunayo. Mbona hatujarudi? Nyumba haifungi magoli. Kinachotofautisha ni pesa, na pesa mjini petu inapita Barabara ya 11 kabla ya kufika 12.

Lizombe
Songea hapa. Majimaji ilichukua Ligi ya Muungano mara mbili mfululizo, 1985 na 1986. Ilipanda tena Ligi Kuu 2015, ikashuka 2018 pamoja na Njombe Mji.

Wengi watasema umaskini, umbali, zaidi ya kilomita 900 kwenda Dar. Kweli. Lakini mimi naumwa na jambo lingine. Simba au Yanga wakija Songea uwanja unajaa, na ukikaa jukwaani unajiona mgeni kwenu. Mtu unamjua, mnasali naye, baba yake alikuwa mjumbe wa Majimaji, kavaa kijani na njano anaizomea timu ya babu zake. Ukimuuliza anakwambia "hii yetu naipenda, ila ile ndiyo ninayoishabikia." Haya. Na viongozi wanalijua hilo. Mechi mbili za wakubwa ndizo zinazolipa madeni ya mwaka mzima, kwa hiyo nani atahangaika kumtafuta shabiki wa mechi ya kawaida? Ukishuka, mechi hizo mbili zinaondoka, na unagundua timu haina mtu.

Beki Mstaafu
Naomba niseme kama mchezaji, maana mashabiki mnaongelea kocha na usajili, mambo ya ndani hamyaoni. Nimecheza timu kadhaa za daraja la kwanza na la pili, nyanda za juu na kanda ya ziwa.

Kambi yetu mara nyingi ilikuwa gesti. Chumba kimoja watu wanne, wawili kitandani wawili chini. Kuna mji mmoja mwenye gesti alichoka kudai, akafunga vyumba vyetu mabegi na viatu vikiwa ndani. Mechi ni saa kumi. Tulikaa nje kwenye ngazi mpaka saa saba, kiongozi mmoja akatokea na kishika uchumba, tukafunguliwa. Tukaenda kucheza tumekula mkate na soda. Tulifungwa mabao mengi, na jioni mashabiki wakatusubiri nje ya geti kututukana kwamba tumeuza mechi.

Hilo la kuuza mechi, sisemi halipo. Mtu hajalipwa miezi, mkewe anapiga simu kodi imeisha, halafu simu nyingine inaingia, sauti ya upole, inajua mpaka jina la mtoto wake. Wengi wanakataa. Lakini anayewafanya vijana wawe na njaa, halafu siku timu imefungwa akawa wa kwanza kusema "wametuuza", huyo mimi namwogopa kuliko mwenye kupiga simu.

Daktari wa timu alikuwa ndugu mmoja mwenye ndoo ya barafu na chupa ya dawa ya kuchua. Goti langu la kushoto linamkumbuka. Mkataba nilisaini mara zote, nakala sikuwahi kupewa. "Tutakuletea, imo ofisini." Ofisi yenyewe ni begi la katibu. Siku unataka kuondoka, begi linafunguka na unaambiwa umebakiza miaka miwili.

Kwa hiyo shabiki, ukipata nafasi ya kuuliza swali moja kwenye mkutano, achana na mfumo wa 4-3-3. Uliza kila mchezaji ana nakala ya mkataba mkononi? Na uliofanana na huo umepelekwa shirikisho la mpira, TFF? Viongozi wakianza kukohoa, umeshapata jibu.

Wapo pia mashabiki ambao siwasahau. Kuna kinamama wa mji mmoja walikuwa wanatuletea gunia la mchele na sukari kila mwisho wa mwezi, bila kupiga picha.

Jukwaa la Jua
Mzee Beki, hiyo ya begi la katibu nimecheka halafu nikanyamaza.

Mama Getini
Mimi nauza tiketi uwanja wa wilaya, timu yetu ipo First League, daraja la tatu. Nyie mnaongelea wafadhili, njooni mlangoni kwangu mwone.

Kiingilio shilingi elfu moja. Anakuja wa kwanza: "mimi kamati ya utendaji." Pita. Wa pili: "kamati ya mashindano." Pita. Kamati ya ufundi, kamati ya hamasa, mlezi, msaidizi wa mlezi, dereva wa mlezi. Anakuja bwana na wanawe watatu, ananiambia "hawa ni wa timu ya vijana", mdogo wao ana chuchu mdomoni. Uwanja unaonekana umejaa, mechi ikiisha nahesabu, pesa haifiki hata ya kumlipa mwenye jenereta. Na bado kuna mgao wa uwanja, wa chama cha wilaya, wa waamuzi. Timu inabaki na chenji.

Siku moja nilimzuia mkubwa mmoja, nikamwambia kata tiketi, kamati ndiyo inatakiwa ilipe kwanza. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kuuza maji. Baadaye wakanirudisha, maana aliyenipokea hesabu zake zilikuwa hazieleweki kabisa.

Mwanjelwa Zambarau
Mama Getini umeniua na "dereva wa mlezi".

Mimi natetea timu za halmashauri. Mbeya City ni ya Jiji. Ilipanda 2013, msimu wa kwanza ikamaliza ya tatu, nchi nzima ikashangaa. Tukashuka 2023 kwa kutolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo, na 2025 tumerudi pamoja na Mtibwa Sugar. Hakuna aliyeamka asubuhi akaambiwa timu imehamia mkoa mwingine. Bajeti inapita kwenye vikao, madiwani wanagombana, lakini wanagombana kwa jambo letu.

Lizombe
Zambarau, vizuri, lakini vitabu vya halmashauri havikuandikwa kwa ajili ya mpira. Dirisha la usajili linafungwa saa sita usiku, pesa inasubiri saini ya mtu aliye safarini Dodoma. Akihamishwa mkurugenzi, akija asiyependa mpira, mnaanza upya.

Mwanjelwa Zambarau
Hilo nakubali. Ndiyo maana timu za majeshi zinatuzidi. Mchezaji wa JKT, Prisons au Mashujaa akiajiriwa, mshahara unaingia hata akiwa majeruhi. Kijana wangu mwenyewe akiniuliza aende wapi kati ya timu ya mji na timu ya jeshi, nitamwambia jeshi, nikirudi nyumbani niendelee kuilaumu timu ya mji kwa kukosa wachezaji.

Tore Bobe Nairobi
Ndugu zangu Watanzania, hamjambo? Naomba nichangie kutoka Kenya. Mimi ni wa Shabana, Kisii. Tulishuka 2006, tukarudi ligi kuu 2023. Hesabu hiyo ni miaka 17. Watoto waliozaliwa tukiwa juu walikuja kuoa tukiwa chini.

Miaka hiyo yote niliyoishi Nairobi, Shabana ikija kucheza huku mechi ya ligi ya chini, uwanjani tulikuwa tunaimba utadhani ni fainali. Kuna wakati mechi yetu ya daraja la pili ilikuwa na watu wengi kuliko mechi ya ligi kuu iliyochezwa siku hiyo hiyo. Tulichanga kwa M-Pesa, tukagombana kuhusu M-Pesa, tukabadilisha mweka hazina, tukachanga tena.

Kwetu tumeona pia timu za kampuni zinavyoisha. SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya 2006, mwaka ule ule sisi tulioshuka. Msimu wa 2019/20 wakatolewa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu. Kiwanda kikikohoa, timu inalazwa hospitali. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kukohoa. Sijui kama hiyo ni bahati, lakini tuko.

Kimanumanu Damu
Miaka 17! Sawa, nimepata moyo. Naomba nisiambiwe nisubiri mpaka 2033.

Jukwaa la Jua
Wakuu, nashukuru. Sasa la kwetu: kuna mfadhili mpya ananukia. Safari hii wazee wa sokoni wamesema kabla hajaingia tuitishe mkutano wa wanachama, tuweke kwenye maandishi kwamba jina, rangi, mji na mikataba ya wachezaji ni vya klabu. Tatizo, katiba yetu hakuna anayejua ilipo. Mwenyekiti anasema anayo katibu, katibu anasema aliiacha mwenyekiti wa zamani, ambaye ni marehemu. Vijana wengine wanataka twende mahakamani.

Beki Mstaafu
Mahakamani msiende, kanuni za FIFA na TFF haziruhusu masuala ya mpira kupelekwa mahakama za kawaida, mtafungiwa nyie, naye mfadhili atabaki anacheka. Kama klabu ilisajiliwa kihalali, nakala ya katiba iko kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Andikeni barua, mpitishe kwa afisa michezo wa wilaya, agonge muhuri, aipeleke juu. Mkiipata, someni kwanza kipengele cha mali na cha nani ni mwanachama. Kama wanachama waliolipia kadi ni sita, mfadhili ataleta saba.

Jukwaa la Jua
Asante mzee. Ila afisa michezo wa wilaya yetu ndiye mweka hazina wa timu.

Mama Getini
Naye huwa anapita bure.