Mume wangu ana sukari na nyumba nzima tunakula matoke: nipange vipi mlo wa mchana na wa usiku?

Mama Swaleh, Jinja

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za siku wote mlio humu. Niko Walukuba hapa Jinja. Mume wangu alipimwa juzi akaambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Kapewa metformin, vidonge vya sukari, na muuguzi akamwambia apunguze wanga. Amerudi nyumbani na neno hilo moja, na anayeshika mwiko ni mimi.

Niwaeleze tunavyokula. Asubuhi ni chai ya maziwa na chapati. Mchana ni posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Usiku ndiyo mnaijua sahani ya kwetu Uganda: matoke, wali kidogo, kipande cha muhogo, kiazi kitamu, na boga likipatikana, vyote vimepandana, kisha mchuzi wa karanga unamwagwa juu. Mboga ya majani, dodo au nakati, inakaa pembeni, kijiko kimoja. Nyama ni Jumapili.

Mezani tuko wanane pamoja na mama mkwe, ametoka Masaka kuja kukaa nasi. Kwake mwanamume ambaye hajapewa matoke hajala, na nikimpunguzia mwanawe atasema namnyima. Sufuria mbili siwezi, makaa ni ghali, na sitaki baba watoto ajione ametengwa mezani kwake. Nimesoma kwingine wanasema tumieni unga wa lozi, jibini, nyama kila siku. Sokoni kwetu sivioni, na hata ningeviona mfuko wangu hauvifikii.

Naombeni mnisaidie kupanga milo ya kawaida ya watu kama sisi. Na kingine: yeye ni dereva wa lori, njia yake ni Malaba, kwa hiyo siku nyingi mchana anakula hotelini njiani. Huko nimwambie aagize nini?

Kijana wa Kalerwe

Pole sana dada. Mwondolee matoke, posho, wali na chapati vyote siku moja. Ale nyama na mboga basi. Mjomba wangu alifanya hivyo sukari ikashuka upesi.

Dada Lishe, Mbarara

Kaka, namshukuru Mungu kwa mjomba, lakini tafadhali tusimwambie mtu tusiyejua dawa zake aache wanga wote siku moja. Mama Swaleh, kabla hujabadilisha sufuria angalia pakiti za dawa. Kama ni metformin peke yake, hatari ya sukari kushuka mno ni ndogo. Lakini kama wameongeza glibenclamide, au anachoma insulini, dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata kama hajala wanga. Mtu wa lori anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho akiwa kwenye usukani. Wa namna hiyo azungumze kwanza na daktari ili dawa ipunguzwe sambamba na chakula. Na akisikia dalili hizo, asimamishe gari, anywe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike na apime kama ana mashine. Chini ya 4 (mmol/L) ni sukari iliyoshuka.

Sasa chakula. Usianze na kuondoa matoke, anza na kupanga upya sahani. Ile uliyoieleza ina vyakula vitano vya wanga na mboga kijiko kimoja. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi: dodo, nakati, bugga, sukuma, kabichi, ntula (nyanya chungu), biringanya, bamia. Robo iwe samaki, mayai, nyama, kuku au mukene (dagaa). Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, na iwe aina moja tu. Leo matoke, kesho kiazi. Hilo la aina moja ndilo litakalokusaidia kuliko yote, maana mtu akiweka "kidogo kidogo" cha kila kitu anajikuta amekula mara tatu ya alichodhani.

Ili ujue unachocheza nacho: wali uliopikwa, gramu 100, una wanga gramu 28 hivi. Matoke yaliyoiva jikoni, kati ya robo na theluthi ya uzito wake ni wanga. Chapati inakaribia nusu. Kabichi gramu 100 haifiki gramu 7. Parachichi lina kama 9, na sehemu kubwa ya hiyo ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari. Hapa parachichi si chakula cha matajiri, mti uko nyuma ya nyumba za watu wengi, litumieni.

Maharage yanawachanganya wengi. Yana protini na yana wanga pia, kama gramu 22 kwa gramu 100 zilizopikwa, lakini 6 au 7 ni nyuzinyuzi na sukari yake inaingia mwilini polepole. Kwa hiyo mchana posho na maharage vibaki, ila ugeuze kipimo. Watu hupakua posho mlima na maharage ya kulowanisha. Pakua maharage mengi, dodo nyingi, na tonge la posho lisizidi ngumi yake.

Na kalo, ule ugali wa ulezi, ni wanga kama posho. Nasikia kila siku watu wanasema mgonjwa wa sukari ale ulezi atakavyo. Ulezi una nyuzinyuzi zaidi kuliko unga mweupe wa mahindi, ni kweli, lakini kipimo ni kile kile.

Baba Amina, Bombo

Shemeji, salaam kwa mzee. Nina sukari na nimeendesha magari makubwa barabara hiyo hiyo, kwa hiyo la njiani niachie mimi.

Hotelini aingie mwenyewe asimame kwa anayepakua. Ukikaa mezani ukasubiri, sahani inakuja imejaa wali, matoke na posho, na ukiwa na njaa utaimaliza. Aseme mapema: "Mama, niwekee matoke vipande viwili, wali usiweke, niongezee mboga na samaki." Hawakatai. Wengine wanafurahi, maana wamezoea watu kulalamikia nyama ndogo tu. Kabichi na dodo hazikosekani, na akiomba ya ziada ataongeza hela kidogo sana.

Akisimama penye wachoma nyama, muchomo ni mzuri kwake: mshikaki wa mbuzi au kuku, na kachumbari tele. Gonja pale pembeni aiache, ile ni ndizi tamu. Rolex, yale mayai yanayoviringishwa kwenye chapati, amwambie kijana wa chapati amkaangie mayai matatu na nyanya, kitunguu na kabichi nyingi, kisha achukue nusu ya chapati. Kikomando asiguse, chapati zilizokatwakatwa juu ya maharage ni wanga juu ya wanga.

Lakini mkazo wangu uko kwenye vinywaji. Dereva anakunywa soda ili asisinzie. Soda nyingi chupa ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, na juisi ya pasheni ya hotelini nayo wanaitia sukari bila huruma. Utampunguzia matoke nyumbani yote yarudi kwa mdomo wa chupa. Maji, au chai ya rangi isiyo na sukari na tangawizi nyingi. Mimi hubeba chupa ya chai yangu, na karanga za kukaanga kwenye karatasi za njaa ya saa kumi.

Mama Furaha, Kampala

Mama Swaleh, mimi ni Mkongomani, niko Katwe. Sisi tuna sombe, majani ya muhogo. Hapa Kampala yanauzwa yameshatwangwa. Chemsha sana, yasiliwe mabichi wala nusu nusu, mpaka harufu ya ubichi iishe. Halafu tia kitunguu, pilipili mbuzi, mawese au karanga, na samaki mkavu. Ni mboga nzito, inashibisha. Mume wangu anakula sahani ya sombe na samaki, na fufu kidogo tu, hasemi kitu. Mboga chapwa ya maji maji ndiyo inayomfanya mwanamume atafute matoke mengine.

Bi Mkubwa wa Nateete

Mwanangu, wamekupa elimu nzuri ya sahani. Mimi nataka kusema juu ya mama mkwe, kwa kuwa huyo ndiye mwenye nyumba yenu kwa sasa, utake usitake.

Usimwendee na habari ya wanga. Mwendee na sukari ya mwanawe. Mpigie magoti kama ilivyo adabu, umwambie: "Maama, mwanao amekutwa na sukari, daktari amemwekea mpaka wa matoke. Nataka aendelee kula chakula chako. Nifundishe luwombo." Mwanamke wa Masaka akiombwa luwombo hawezi kukasirika. Jani la ndizi lichomwe kidogo motoni lilegee, ndani aweke kuku au nyama, uyoga, mchuzi wa karanga, lifungwe, lipikwe kwa mvuke juu ya fungu la matoke. Ntula na nakati nazo zifungwe kwenye jani lake, zikae juu ya fungu hilo hilo. Moto mmoja, sufuria moja. Matoke yapo, nyumba inanukia, na watoto wanakula matoke yao kama kawaida.

Mumeo akipewa luwombo nzima ya kwake, kinachoonekana mezani ni heshima. Hakuna atakayehesabu vipande vya matoke. Na umwachie mama ampakulie yeye mwenyewe. Mkishapatana vipande viwili, yeye ndiye atakayewazuia wengine kuongeza.

Kuku si wa kila siku, najua. Luwombo ya karanga na mukene ni chakula kamili.

Mama Swaleh, Jinja

Bi Mkubwa, nimesoma maneno yako nikatokwa na machozi. Allah akulipe. Nimeongea naye leo jioni. Alinyamaza kwanza, akauliza kama mwanawe atapona. Kisha akaniuliza majani ya ndizi hapa Jinja nanunua kwa nani.

Baba Amina, mzee amesoma mwenyewe. Ya soda hakuyapinga. Dawa ni metformin peke yake, nimeangalia pakiti.

Dada Lishe, nimejaribu kupanga, naomba unisahihishe. Jumatatu usiku mukene wa karanga, dodo nyingi, matoke. Jumanne mayai ya kukaanga na biringanya na nyanya, kabichi, kiazi kitamu kimoja. Jumatano maharage na nakati, posho. Alhamisi samaki ngege kutoka mwalo wa Masese, mchuzi wa nyanya na bamia, wali. Ijumaa sombe ya Mama Furaha. Jumamosi choroko na sukuma, chapati. Jumapili luwombo. Asubuhi chai bila sukari na mayai mawili, parachichi badala ya chapati.

Nina maswali. Mchuzi wa karanga tunaupenda sana, je, aule kila siku? Mukene mkavu una mchanga, na nauogopa kidogo. Na je, watoto nao niwapunguzie?

Dada Lishe, Mbarara

Mpango wako ni mzuri kuliko mingi ninayoiona. Marekebisho machache tu. Jumamosi umeweka choroko pamoja na chapati. Choroko tayari zimebeba wanga, basi chapati iwe nusu, au iondoe uweke kachumbari na parachichi. Alhamisi wali upimwe kwa kikombe kidogo cha chai, maana kwa macho wali unadanganya kuliko chakula kingine chochote.

Karanga hazina wanga mwingi lakini zina mafuta mengi, gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Kama mzee ana mwili mkubwa na ameambiwa apunguze uzito, mchuzi wa karanga uwe mara tatu kwa wiki, na siku nyingine nyanya na vitunguu. Nunua karanga nzima, zichambue mwenyewe, zilizokunjamana au zenye ukungu zitupe, kisha peleka kusaga. Karanga za ukungu huwa na sumu inayoharibu ini, na ukisha kuzinunua zimesagwa huwezi kujua zilivyokuwa.

Mukene, tafuta ulioanikwa juu ya vichanja au nyavu zilizoinuliwa, Masese waulize watakuonyesha. Ule wa chini mchangani ndio unaokwaruza meno. Nyumbani ukaange kwanza mkavu bila mafuta, upepete, kisha uoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mpaka maji yatoke safi. Kichwa kikikusumbua kiondoe, mifupa iache, ina kalisiamu.

Watoto usiwapunguzie posho na matoke kwa sababu ya baba yao. Wanakua na wanacheza, wanahitaji. Wao waongezee mboga na protini ile ile, na soda iondoke nyumbani kwa wote.

Mkipata mashine ya kupimia, mpime kabla ya chakula na tena saa mbili baada ya tonge la kwanza, na uandike kwenye daftari alichokula. Wengi huambiwa wasizidi 10 baada ya kula, lakini lengo lake atalitoa daktari wake. Daftari hilo litakuonyesha mwili wake unavyopokea matoke na unavyopokea posho, kwani watu hatufanani. Aende nalo kliniki siku yake ikifika.

Mama Swaleh, Jinja

Sawa dada, daftari lipo, nitalitundika jikoni. Mama mkwe anauliza: katogo ya asubuhi ya Jumapili, yale matoke tunayopika pamoja na matumbo, imekufa kabisa?

Dada Lishe, Mbarara

Haijafa. Punguzeni matoke, ongezeni matumbo na nyanya chungu kwenye sufuria. Kwake pakua nyama na mchuzi kwanza, vipande vya matoke viwili vije mwisho. Na siku hiyo mchana asile wanga mwingine, apewe luwombo yake na mboga.

Bi Mkubwa wa Nateete

Na umwambie mkwe nimemsalimu. Matumbo ayaoshe kwa limau.