Mrejesho: Shemeji wa Butembo na Ebola "ya kisiasa"

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri jinsi ya kumjibu shemeji yangu wa Butembo, mashariki mwa Kongo (DRC), ambaye kila kukicha anatuma kwenye kundi la ukoo sauti zinazodai Ebola ya 2018 ilibuniwa ili wanyimwe kura.

Nilianza na yaliyo kweli, kama mlivyoniambia. Kura waliikosa: Desemba 26, 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi, ikitaja Ebola na usalama, iliahirisha kura ya Butembo na mji jirani wa Beni hadi Machi, na rais mpya akaapishwa Januari. Hasira zikaishia kwenye kituo cha Ebola Beni, kikavamiwa. Kisha nikamuuliza: ugonjwa ulitangazwa Agosti 2018 ukaisha Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200. Mwaka mzima baada ya uchaguzi ulikuwa unazuia kura ipi?

Kimya. Tiki za bluu zipo. Usiku akanifuata pembeni: "Ugonjwa ulikuwepo, shemeji, sikatai. Ila masoko na makanisa yalikuwa wazi. Kwa nini kura tu?"

Hapo kanibana, na ana haki. Beni walipanga hata foleni ya kura ya kuigiza, wakinawa mikono kwanza.

Sauti hajatuma tena. Sasa ni mjomba, kahamia kwenye chanjo. Mwenye maelezo mepesi anirushie.