TR6: geji ya mafuta na ya joto zimepanda kwa pamoja

Mshale_Juu
Wakuu, nina gari la Triumph TR6 la 1972. Tangu mbao ya dashibodi ivuliwe kupigwa vanishi na kurudishwa, geji ya mafuta inadai tangi limejaa wakati nina lita chache tu, na ya joto inakimbilia H. Injini haichemki, nimehakikisha. Presha ya oili iko vizuri. Ninunue geji mpya zote mbili? Halafu kuna mtu anauza spidomita iliyotumika ya Smiths, watengeneza geji wa Uingereza, uso safi kuliko wangu. Niichukue?

Babu_Gia
Usitoe hela bado. Geji mbili haziugui siku moja ugonjwa mmoja. Zote hula umeme kutoka stabilaiza, kale kakopo kadogo nyuma ya dashibodi. Ndani mna utepe wa metali mbili: unapata moto, unajikunja, unakata umeme, unapoa, unaurudisha. Wastani wake volti 10. Kopo likikosa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), utepe haupati moto, haukati, na geji zinamwagiwa volti zote za betri. Presha ya oili haimo kwenye kesi hii, maana inasukumwa na oili yenyewe kupitia kabomba kembamba.

Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo fuata waya mweusi, ndio ethi ya kopo, mpaka unapoishia. Kisha pima kwa mita ya mshale. Hizi za tarakimu zitakuchanganya tu. Mshale ukirukaruka, stabilaiza ni nzima. Ukitulia kwenye 12, mwizi umemkamata.

Spidomita: soma namba ndogo usoni, ni mizunguko ya kebo kwa maili moja. TR6 za kabureta zilizopelekwa Marekani zina difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 3.7, za injekisheni ya Lucas zilizobaki Uingereza 3.45. Ukitoa spidomita ya gari la Marekani ukaifunga kwenye la Uingereza, ukikimbia 100 itakwambia 93 hivi. Trafiki haangalii uso msafi.

Chuma_Zee
Babu, nadandia uzi. TR3 yangu geji zimeandikwa Jaeger. Za Smiths zitakubali?

Babu_Gia
Jaeger ya Uingereza iliingia mikononi mwa Smiths tangu miaka ya 1920, kwa hiyo jina lisikutishe. Linganisha kipenyo, namba ya mizunguko na mwandiko wa tarakimu. Huo mwandiko ndio watu huupuuza, halafu dashibodi inakuwa na geji tano za familia tano. Ukikosa kabisa, Caerbont kule Wales wanatengeneza mpya zenye jina la Smiths.

Mshale_Juu
Waya mweusi ulikuwa umekatikia ndani ya kishikio, kwa nje unaonekana mzima. Nimeubadilisha, mafuta sasa yanasoma robo na joto limetulia katikati. Muuzaji kanitumia picha: uso umechapishwa upya, namba ya mizunguko haipo.

Babu_Gia
Mwachie.