Mjadala: Fomu tumezikagua vya kutosha, lini tutafungua masanduku ya kura?

Wenzangu, uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unakaribia na maneno ni yale yale. Upande mmoja unasema kura zitaibwa. Upande wa pili unajibu: ukishindwa, kubali, songa mbele. Naomba safari hii tuanzie mahali ambapo hatuanzii kamwe, yaani kwenye sanduku lenyewe.

Hoja yangu ni hii. Kabla mwenyekiti wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, hajamtangaza rais, masanduku ya vituo kadhaa yachaguliwe kwa bahati nasibu hadharani, yafunguliwe mbele ya mawakala na karatasi zihesabiwe upya. Pamoja na hayo, kura za urais zilizokataliwa vituoni zipitiwe tena zote katika kila eneo bunge. Anayepinga aje na sababu zake, nitamsikiliza.

Tuangalie 2022 kwanza. William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, hayati Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya mwenyewe: ni kura tano kwa kituo. Tena Katiba yetu haimtaki mshindi aongoze tu, inamtaka avuke nusu ya kura zilizopigwa, ambazo Mahakama ya Juu imezitafsiri kuwa kura halali, la sivyo tunarudi debeni kwa duru ya pili. Ruto aliivuka nusu hiyo kwa karibu kura 70,000, ambazo ni kama kura moja na nusu kwa kituo. Mwaka huo huo kura zilizokataliwa zilizidi 113,000.

Sisemi Ruto hakushinda. Ushahidi wa kusema hivyo sijauona, na majaji wote wa Mahakama ya Juu waliyatupa malalamishi ya kuupinga ushindi wake Septemba 5. Ninachosema ni kwamba hatima ya urais wetu inaning'inia kwenye kura moja au mbili kwa kituo, na hatuna utaratibu wowote wa kawaida wa kurudi kwenye karatasi zenyewe kuhakikisha.

Wanaosema kura iliyokataliwa ni takataka, nawakumbusha 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07. Hesabu hiyo ilijumlisha kura zote, hata zilizokataliwa; alikuwa amevuka nusu kwa takriban kura 8,400, na zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Wengi wetu tunakumbuka ile skrini ya Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura, ikionyesha mamia ya maelfu ya kura zilizokataliwa, kisha hesabu ikaporomoka, tukaambiwa programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Mahakama ya Juu ilipoulizwa, ikaamua kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe kwenye hesabu ya asilimia. Sheria ni sheria, lakini mimi uamuzi ule haujawahi kunikaa. Huyo mtu aliamka usiku, akapanga foleni, akachovya kidole kwenye wino. Karatasi yake ilikataliwa na afisa mmoja aliyechoka, na hakuna jicho la pili lililoiangalia.

Hebu ingieni nami darasani, kwenye kituo cha kura, usiku wa kuhesabu. Makarani na mawakala wameshinda hapo tangu kabla ya alfajiri. Kura ni za aina sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, na ya rais ndiyo huanza. Afisa msimamizi wa kituo anatoa karatasi moja moja, anaikunjua, anawaonyesha mawakala na kutaja jina. Inatoka moja yenye alama nje ya kisanduku, imeegemea jina la mgombea wa pili. Kanuni za uchaguzi zinasema alama ikiwa nje ya mahali pake, kura haiharibiki mradi nia ya mpiga kura inaonekana. Lakini nani anaamua kwamba inaonekana? Afisa huyo huyo, papo hapo, kwa mwanga wa taa. Katika chumba cha pili mwenzake anaamua kinyume, na wote wawili wamefanya kazi yao kwa nia njema. Wakala anaweza kupinga, na pingamizi lake likaandikwa. Anaweza pia kudai kura zihesabiwe upya pale pale kituoni, hadi mara mbili. Mawakala wangapi wanajua haki hiyo? Na wangapi, saa nane za usiku, wana nguvu ya kuidai? Hata wakala akikataa kutia sahihi, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo peke yake.

Baada ya hapo Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kituo, inajazwa, inapigwa picha kwa mashine ya KIEMS na kutumwa, nakala inabandikwa mlangoni, sanduku linafungwa kwa lakiri. Kuanzia dakika hiyo nchi nzima inajadili fomu.

Najua kwa nini tulifika hapa. Septemba 1, 2017 majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Uhuru, jambo ambalo Afrika ilikuwa haijaliona katika uchaguzi wa rais. Hawakusema kura kadhaa ziliibwa. Walisema upeperushaji wa matokeo haukufuata sheria, mshindi alitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapokelewa, na IEBC haikuifungulia mahakama sava zake, yaani kompyuta za kuhifadhia matokeo, kama ilivyoagizwa. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, alikuwa ameuawa siku chache kabla ya uchaguzi. Ndipo "fungua sava" ikawa wimbo wa mikutano na "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi wanaodaiwa kuzaliwa na kompyuta badala ya kura, ikawa tusi la kisiasa. Hasira ile ilikuwa ya haki, na ilizaa matunda: mwaka 2022 Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Ni hatua kubwa, na naiheshimu.

Ila tazama tulichothibitisha. Ukaguzi ulioagizwa na mahakama ulionyesha kwamba fomu za karatasi zilizofika Bomas zinalingana na zile za tovuti. Vizuri. Hiyo inatuambia fomu haikubadilishwa njiani. Haituambii kama fomu inalingana na karatasi zilizo sandukuni. Mwenye duka anayekagua daftari kwa nakala ya daftari hajui bado kuna magunia mangapi stoo. Masanduku yaliyofunguliwa kwa amri ya mahakama yalikuwa ya vituo vichache mno kati ya 46,229. Mengine yalikwenda ghalani, ambako karatasi huhifadhiwa miaka mitatu, kisha huharibiwa.

Wapo watakaoniambia mahakama ndiyo mahali pa kazi hiyo. Mlalamishi ana siku saba kuwasilisha kesi, majaji wana siku 14 kuisikiliza na kuamua. Ndani ya siku hizo wapange pande zote, wasikilize mawakili, waandike uamuzi, na bado wafungue masanduku? Malawi walipochukua muda, waliona. Uchaguzi wao wa Mei 2019 ulifutwa Februari 2020, baada ya miezi ya ushahidi kuhusu fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia na kuandikwa upya. Uchaguzi wa marudio Juni 2020 ukamleta Lazarus Chakwera. Kwa siku 14 wasingefika popote. Na ndugu zetu wa Tanzania hata hizo 14 hawana, kwa kuwa ibara ya 41(7) ya Katiba yao inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa. Ndiyo maana nataka ukaguzi ufanyike kabla ya tangazo. Mtu akishaitwa rais mteule, kila sanduku unaloomba lifunguliwe linaonekana kama jaribio la kumpindua.

Hoja ya pili ni hofu, na hii siidharau. Watu wanasema siku za kusubiri ndizo siku za kuchinjana. Lakini kumbukeni 2007 ilivyokuwa. Desemba 30 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na giza lilipokuwa likiingia Kibaki aliapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Haraka ile haikuokoa mtu. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza ikasema uchaguzi ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Familia zilizika watu kwa ajili ya hesabu ambayo hadi leo hakuna awezaye kuithibitisha. Linaniuma jambo hilo, na ndilo linalonifanya nisikubali jibu la "tumalize upesi".

Tena kusubiri tunasubiri hata hivyo. Katiba inaipa IEBC siku saba, na 2022 ilitumia sita. Siku hizo zote tulikaa tukitazama watu wakisoma fomu Bomas, kisha makamishna wanne kati ya saba wakaondoka kuyakana matokeo. Walidai asilimia zilizotangazwa zinafika 100.01 na kwamba ile 0.01 ni kura 142,000. Ukikokotoa ni kama kura 1,400, tena imetokana na kukadiria desimali tu. Makamishna wa tume wenyewe walibishana juu ya desimali wakati masanduku yalikuwa pale pale, kwenye vituo vya kujumlishia vya maeneo bunge.

Basi napendekeza hivi. Masanduku mawili ya urais katika kila eneo bunge. Tuna maeneo bunge 290, kwa hiyo ni masanduku 580 nchi nzima. Kituo hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa, hivyo masanduku mawili ni kazi ya saa chache, na tayari yamefika kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, hayahitaji kusafirishwa. Vituo vichaguliwe asubuhi baada ya kuhesabu, mbele ya kamera na mawakala, pasiwe na mtu ajuaye mapema ni vipi. Tofauti ikipita kiwango kilichowekwa na sheria kabla ya uchaguzi, eneo bunge lote lihesabiwe upya.

Ninyi mnaoamini kura huibwa, je, mtakubali matokeo masanduku hayo yakilingana na fomu? Na ninyi wa "songa mbele", mnaona hatari gani katika kuyafungua? Kama mawili ni machache, semeni mangapi. Kama ni mengi, semeni kwa nini.